Jahazi langu liko kwenye gemu la Marekani na jina langu halipo, mchoro ni wa nani?

Shangazi shikamoo,

Nakuandikia kutoka Mombasa. Mimi ni kijana wa kuchora tatuu, kazi nimeifanya miaka mingi sa hivi na namshukuru Mungu inanilisha. Mkono huu nimeurithi kwa mama, yeye ni mchoraji wa hina na piko, maharusi wengi wa Mji wa Kale wamepita kwake, mi nilikuwa mdogo namkorogea hina na kumshikia taa ndo nikajifunza kuzungusha maua bila kuinua mkono.

Sasa shida ni hii. Kabla sijapata studio nilikuwa na daftari la michoro, usiku nakaa nachora vitu vya kwetu tu, hakuna aliyenituma. Mchoro mmoja ulikuwa wa jahazi, lakini tanga lake sikulifanya tanga la kawaida, nililijaza nakshi za milango ya Lamu, yale maua na minyororo inayopita kwenye fremu, yaani ukitazama kwa mbali unaona tanga, ukisogea karibu ni mlango. Nikatoa fotokopi nikabandika ukutani pamoja na mingine. Baadaye nikafungua studio, akaja kijana mmoja, alikuwa anafanya ile michezo ya kupigana ya kuchanganya ngumi na mieleka, hajulikani na mtu, akatazama ukuta akaniambia bro nataka hiyo hiyo, nipigie kifuani. Nikamwambia ikikaa kifuani peke yake itaonekana pweke, wacha nikuongezee mawimbi yapande begani yateremke kwa mkono. Jahazi nililihamisha kwa stensili, mawimbi niliyachora kwa kalamu pale pale juu ya ngozi. Alinilipa 18,000 kwa M-Pesa, karatasi hatukuandikiana, ilikuwa meseji za WhatsApp tu.

Baadaye akapata njia ya kwenda Marekani na mambo yakamnyookea, leo yuko kwenye ligi kubwa na wamemuweka kwenye gemu. Mimi hata sikujua, ni mdogo wangu anayeshinda kwenye kibanda cha PS mtaani ndo alinipigia simu ati njoo uone jahazi lako. Nikaenda. Shangazi, yule jamaa kwenye skrini kavua fulana na jahazi ni lile lile, mpaka mnyororo mmoja kwenye kona ya tanga ambao huwa naufunga kinyume makusudi, ndiyo alama yangu, sitii sahihi. Hilo moyo ungenituma ninyamaze. Lakini kuna sehemu ya kujitengenezea mpiganaji wako, unachagua nywele, unachagua rangi, unachagua tatuu, na kwenye hiyo orodha ya tatuu jahazi langu limo! Halina mawimbi, ni jahazi peke yake, unambandika nalo mtu yeyote unayetaka. Kuna mtoto pale alikuwa amelibandika mgongoni kwa mpiganaji wake na anafurahi nalo kweli kweli.

Nimemwandikia yule jamaa, tiki zimegeuka bluu, hajibu. Fundi mwenzangu mmoja ananiambia hizo ni milioni za dola tafuta wakili haraka. Mwingine ananiambia ulishalipwa bwana, ukimuuzia mtu shati huwezi kumfuata kila anakolivaa. Mama yeye analia tu, anasema nakshi zile alinifundisha yeye na sasa zinauzwa na watu wasiotujua.

Naomba uniambie shangazi, mchoro ni wangu, ni wa yule kijana, ama ni wa kampuni ya gemu? Nidai ama niache? Na sitaki kumharibia kijana wa watu maisha huko aliko.

Wako, Fundi wa Sindano, Mombasa

*

Marahaba mwanangu, na mama yako mpe pole zangu.

Kabla hujaendelea kusoma, mtume mdogo wako arudi pale kibandani leo hii. Afungue ile sehemu ya kutengeneza mpiganaji na arekodi video moja isiyokatwa, aonekane anaingia kwenye menyu, anashuka kwenye orodha ya tatuu, anachagua jahazi, analibandika, na jina la gemu na toleo lake vionekane, halafu asogeze karibu kabisa ule mnyororo uliofungwa kinyume. Gemu za siku hizi zinabadilishwa kwa intaneti, kampuni ikilitoa kwenye apdeti ya kesho utabaki na maneno matupu. Na wewe toa daftari, piga picha ukurasa wa jahazi na kurasa za kabla na baada yake, tafuta picha za zamani ambazo ile fotokopi inaonekana ukutani kabla kijana hajaja, na zile meseji za WhatsApp zihamishie kwenye imeili zote pamoja na voisi noti. Utaona huko mbele kwa nini nakusisitizia lile daftari kuliko kitu kingine chochote.

Haya, sasa tuongee. Yule aliyekupa mfano wa shati kasema kweli nusu. Shati ni la aliyenunua, alivae harusini, alivae sokoni, apigwe nalo picha magazetini. Lakini kununua shati moja hakumpi mtu ruhusa ya kwenda kiwandani kuchapisha mashati mengine ya ua lile lile. Ngozi ni ya kijana na tatuu iko kwake mpaka kufa, hakimiliki ya mchoro ni kitu kingine kabisa, na ndiyo tunayoitafuta hapa.

Jambo hili Marekani limepigwa kortini mara kadhaa na nimelifuatilia kwa karibu kwa sababu linawahusu mafundi kama wewe. Kuna watu walisema tatuu haina hakimiliki kwa kuwa iko kwenye mwili wa mtu. Mwaka 2011 Victor Whitmill, fundi aliyemchora Mike Tyson ile tatuu ya usoni kule Las Vegas mwaka 2003, aliishtaki kampuni ya Warner Bros. kwa sababu kwenye filamu yao ya vichekesho mwigizaji mwingine kabisa alitokea na tatuu ile ile upande ule ule wa uso. Tyson mwenyewe alikuwemo kwenye filamu na uso wake na Whitmill hakulalamika kuhusu hilo hata kidogo, alilalamikia uso wa yule mwingine. Na alikuwa na karatasi, Tyson alisaini siku ya kuchorwa kwamba mchoro ni mali ya studio. Jaji Catherine Perry wa Missouri alikataa kuizuia filamu isitoke maana ilikuwa imebaki siku chache tu iingie sinema, lakini hoja kwamba tatuu haiwezi kuwa na hakimiliki aliitupa nje, na akaona fundi ana nafasi kubwa ya kushinda. Mwezi uliofuata wakaelewana nje ya korti. Ile tofauti ya uso wa Tyson na uso wa mtu mwingine ishike vizuri, tutairudia.

Sasa kwenye gemu zenyewe. Kesi kubwa ni ya Solid Oak Sketches, kampuni iliyochukua leseni kutoka kwa mafundi na mwaka 2016 ikawashtaki Take-Two na 2K wanaotengeneza NBA 2K, gemu la mpira wa kikapu, kwa tatuu tano za wachezaji watatu, LeBron James, Kenyon Martin na Eric Bledsoe. Walidai pesa nyingi. Mwezi Machi 2020 Jaji Laura Taylor Swain wa New York akawapa ushindi watengenezaji wa gemu, tena kwa sababu tatu kwa mpigo. Kwanza tatuu zinaonekana kidogo mno, kwenye skrini zilikuwa kati ya asilimia 4.4 na 10.96 ya ukubwa wake halisi, na wachezaji wale ni watatu tu katikati ya zaidi ya mia nne. Pili, fundi anapomchora mtu maarufu anajua kabisa mtu huyo atapigwa picha na ataonyeshwa kwenye televisheni, kwa hiyo kwa kitendo chenyewe cha kumchora amempa ruhusa ya kimyakimya ya kuonekana na mwili wake, na mchezaji akaipitisha ruhusa hiyo kwa ligi, ligi ikaipitisha kwa gemu. Tatu ni matumizi ya haki, yaani pale sheria inaporuhusu kazi ya mtu itumike bila kumuomba, tatuu iliwekwa ili mchezaji afanane na yeye mwenyewe tu, hakuna mtu anayenunua gemu la mpira wa kikapu kwa ajili ya tatuu, na mnunuzi hakuweza kuzichukua zile tatuu akamvika mchezaji mwingine.

Umeisoma hiyo sentensi ya mwisho? Isome tena.

Kesi nyingine ikafunguliwa Ohio na Jimmy Hayden, fundi wa Cleveland aliyemchora LeBron na wengine, na mwezi Aprili 2024 jopo la raia waliokaa kuamua kesi wakasema vile vile, ruhusa ya kimyakimya ilikuwepo. Lakini usidhani njia imefungwa, manake Illinois mambo yalienda kinyume. Catherine Alexander alimchora mwanamieleka Randy Orton kati ya 2003 na 2008. Mwaka 2009 alipowauliza WWE, kampuni ya mieleka ya Orton, kuhusu michoro yake wakampa ofa ya dola 450, akakataa. Michoro ikatokea kwenye WWE 2K16, 2K17 na 2K18 naye akaenda kortini. Septemba 2022 jopo likasema ndiyo, hakimiliki yake imevunjwa, matumizi ya haki hayapo, na fidia wakampa dola 3,750. Umesoma vizuri, elfu tatu na mia saba hamsini, na kwenye faida ya gemu wakasema hakuna hata senti iliyotokana na tatuu. Halafu Septemba 2024 jaji akaifuta hata hiyo fidia kwa kuwa hapakuwa na ushahidi wa kuipimia, ushindi wake ukabaki bila pesa. Zaidi ya miaka sita ya kesi mwanangu! Nakwambia haya si kukuvunja moyo, nakwambia kwa sababu ya huyo fundi mwenzako wa milioni za dola, asije akakufanya ukauza mashine zako ulipe mawakili.

Na kwa kuwa wako ni mpiganaji, ipo ya karibu zaidi. Carlos Condit alikuwa na tatuu ya simba ubavuni, ikawekwa kwenye gemu la UFC, ligi ya hiyo michezo ya kupigana, lililotengenezwa na kampuni ya THQ, fundi wake Christopher Escobedo akashtaki mwaka 2012, kampuni ikafilisika kesi ikiwa bado mbichi, akadai zaidi ya dola milioni 4 kutoka kwenye mufilisi. Korti ya mufilisi ikayakadiria madai yake kuwa dola 22,500, sawasawa na pesa aliyolipwa Condit mwenyewe kuwemo kwenye gemu. Hiyo 22,500 iweke kichwani kama dari.

Kwa hiyo jibu langu linagawanyika kama gemu lenyewe lilivyogawanyika. Yule kijana kuonekana kwenye gemu na kifua chake, mawimbi na jahazi na kila kitu, hapo acha. Huna njia nzuri, na hata kama ungekuwa nayo nisingekushauri. Ulipompiga sindano ulijua ni mpiganaji, ulijua wapiganaji huvua fulana mbele ya kamera, na mimi naona ni haki kabisa mtu asihitaji kumuomba fundi wake ruhusa kila anapoonyeshwa alivyo. LeBron alipotoa ushahidi wake kwenye ile kesi ya New York alisema hayo hayo, kwamba yeye anaziona tatuu ni sehemu ya mwili wake na sura yake.

Lakini ile orodha! Hapo mwanangu nakasirika pamoja na wewe. Ile orodha haimuonyeshi kijana wako. Inachukua jahazi, inalitenga na mwili wa mtu, inaliweka dukani kama kitu cha kuchaguliwa, na mtoto wa mtaani analibandika mgongoni kwa mtu asiyekuwepo. Huo ndio uso wa mwigizaji mwingine kwenye kesi ya Tyson. Na hebu tazama hili, umesema kwenye orodha halina mawimbi. Kwenye mwili wa kijana jahazi na mawimbi vimeshikana, kwa hiyo picha za mwili wake zilipoingia kwenye kompyuta zao vilikuwa pamoja. Mtu amekaa akayaondoa mawimbi na kulisafisha jahazi likabaki peke yake, na mnyororo wako wa kinyume akauacha mahali pake. Hoja ya kusema ni kadogo hakaonekani inakuwa ngumu kwao, hoja ya kumfananisha mchezaji inakufa, na ruhusa ya kimyakimya uliyompa kijana ilikuwa ya mwili wake yeye.

Sasa tuje kwenye kilichonifanya nikwambie daftari kwanza. Korti za Marekani kazi ikiwa imezaliwa nchi nyingine huangalia sheria ya nchi hiyo kujua mwenyewe ni nani, halafu ndo wanatumia sheria yao kujua kama imevunjwa, msimamo huo wanautumia tangu kesi ya magazeti ya Kirusi pale New York mwaka 1998. Na hapa wewe na fundi wa Las Vegas hamko sawa. Marekani fundi anayejitegemea akichora, hakimiliki inabaki kwake mpaka asaini karatasi ya kuihamisha. Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa yule aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Mafundi wengi wa Nairobi na Mombasa hawajui hili, wanasoma habari za Marekani wanadhani ndiyo sheria yetu. Mteja akikwambia nichoree kitu fulani, ukakibuni kwa ajili yake akakulipa, kwa sheria ya hapa mchoro umeshaondoka mkononi mwako wino haujakauka.

Kwa hiyo yale mawimbi, mwanangu, kwa maoni yangu si yako tena, yaliagizwa, yakachorwa kwa ajili yake, juu ya ngozi yake. Lakini jahazi hakuagiza mtu. Ulilichora usiku kwenye daftari kabla hujamjua, likakaa ukutani, yeye akaja akalikuta. Aliagiza lipigwe kifuani, hakuagiza libuniwe. Hakimiliki ya jahazi ilizaliwa siku ulipoweka kalamu kwenye karatasi na hujamuuzia mtu. Na wao kwa mikono yao wameyaacha mawimbi ambayo si yako wakachukua jahazi ambalo ni lako, sasa unaelewa kwa nini nataka kila ukurasa wa daftari upigwe picha na kila picha ya ule ukuta itafutwe. Kesi yako yote imesimama hapo, jahazi lilikuwepo kabla ya mteja.

Jibu kwa machozi ya mama pia lipo hapa. Wakili wa kampuni lazima atasema nakshi za Lamu ni za watu wote, jahazi ni la watu wote, na kwa hilo yuko sawa, kila mchongaji wa milango kuanzia Lamu mpaka Zanzibar anachonga maua yale na hakuna anayeweza kumkataza mwenzake. Kwenye ile kesi ya NBA pia jaji alitazama kwamba tatuu zilitokana na vitu vya kawaida, moja ilinakiliwa kutoka kwenye picha ya mtoto. Lakini kuzigeuza nakshi za mlango kuwa tanga, kuchagua ua gani likae wapi, kuufunga mnyororo ule kinyume, huo mpangilio ni wa mwanawe. Mwambie mama hakuna aliyezichukua nakshi zake, kilichochukuliwa ni mpangilio wa mwanawe na ndio tunaoudai.

Sasa kijana wako. Usimchukie kwa tiki za bluu. Hawa wapiganaji husaini mikataba mirefu na ligi, wanatoa sura na jina, ligi ndiyo inayowapa watu wa gemu, na yeye labda hajui hata kama hiyo orodha ipo. Umemwandikia nini? Kama ulianza na maneno ya kudai, ni rahisi kudhani unamdai yeye, na mtu akiogopa hunyamaza. Mwandikie upya, umpongeze kwanza kwa dhati, halafu umwambie waziwazi kwamba humdai kitu, kwamba ana ruhusa yako ya maisha kuonyesha tatuu zake popote, ulingoni, kwenye matangazo, kwenye gemu, na unaomba asaini ukurasa mmoja tu unaosema mambo mawili, kwamba jahazi alilikuta ukutani kwako likiwa limeshachorwa, na kwamba mchoro wenyewe ni wako. Ukurasa huo unamlinda yeye pia, manake ligi yake ikimuuliza ana cha kuonyesha. Ukiupata huo, umeziba tundu la kifungu cha 31 kwa saini ya mtu pekee ambaye angeweza kukupinga. Asipojibu, mtafute kocha wake wa zamani hapo Mombasa akufikishie salamu, mambo yetu mengi huenda hivyo.

Kisha kasajili jahazi KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya. Kwa Kenya haki yako ipo hata bila kusajili, sheria inasema hivyo, lakini cheti ni ushahidi. Sajili na Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani, inafanyika kwenye intaneti, kwa kazi moja ya mtu mmoja ada ni dola 45, na unaweka ule mchoro wa daftari, sio picha ya kifua. Kwa kuwa kazi imezaliwa nje ya Marekani ungeweza kufungua kesi kule bila kusajili, ila kwenye korti kubwa ile fidia ya viwango vya sheria, ya mpaka dola 30,000 kwa kazi moja na 150,000 wakionekana wamefanya kusudi, inawahusu waliosajili mapema kabla ya kuibiwa. Wewe umechelewa hapo, itabidi uthibitishe hasara au faida yao, na umeona yaliyompata Alexander.

Ndiyo maana nakupendekezea njia nyingine. Tangu Juni 2022 ofisi hiyo ina baraza dogo la madai ya hakimiliki, halihitaji wakili, kila kitu kinafanyika mtandaoni, ada yote ni dola 100, unalipa 40 mwanzo na 60 baadaye, na hata aliyechelewa kusajili anaweza kupewa mpaka dola 7,500 kwa kazi moja bila kuthibitisha hasara. Ubaya wake ni kwamba kampuni ina siku 60 za kusema haitaki kushiriki na ikikataa madai yanaishia hapo, utabaki na korti kubwa. Pia kuna ukomo wa miaka 3, kwa hiyo jua gemu lilitoka lini na usikae mwaka mzima unafikiria.

Kabla ya hayo yote, barua. Tafuta wakili wa hakimiliki hapo Mombasa au Nairobi akuandikie ukurasa mmoja kwa kampuni, ukiwa na picha ya daftari, picha ya orodha yao, na mnyororo wa kinyume umezungushiwa duara kwenye zote mbili. Mimi si wakili wako na barua hiyo isitoke bila macho yake. Omba vitu vinavyoombeka, ama walitoe jahazi kwenye orodha, ama walipie leseni na waandike jina lako kwenye majina ya watu waliotengeneza gemu. Hilo la jina ukiniuliza mimi ndilo la kulishikilia zaidi ya pesa, kutambuliwa kama mchoraji ni haki ambayo sheria ya Kenya inakupa kwa kifungu cha 32 hata kama haki ya pesa ingekuwa imehamia kwa mwingine, na wewe kijana wa Mombasa jina lako likisomeka pale, wateja watakutafuta wenyewe. Kuhusu kiasi, taja tarakimu ambayo mtu wa ofisini anaweza kuilipa bila kuitisha kikao. Wakikujibu na ofa ya kununua mchoro moja kwa moja kwa pesa kidogo, kama zile 450 za Alexander, usisaini siku hiyo hiyo, na soma kama wanataka kulitumia jahazi kwenye gemu hili tu ama kwenye kila kitu milele.

Na mteja wa kesho asubuhi asikae kwenye kiti bila fomu. Kule Marekani baada ya kesi kuanza, chama cha wachezaji wa mpira wao wa miguu kiliwashauri wanachama waende kwa mafundi wao wakachukue ruhusa za maandishi, na mchezaji Colin Kaepernick akaingia kwenye gemu la mpira huo, Madden NFL 15, na tatuu zake halisi kwa njia hiyo, fundi akaombwa, akakubali, hakuna aliyeenda kortini. Fomu yako iwe fupi, Kiswahili cha kawaida, isomeke hivi: "Mchoro huu ni wa fundi na hakimiliki inabaki kwake hata kama nimeuagiza mimi. Nina ruhusa ya maisha yangu yote kuonyesha mwili wangu na tatuu hii popote na kwa njia yoyote. Sina ruhusa ya kuutoa mchoro kwenye mwili wangu na kuupa mtu mwingine autumie peke yake." Saini yake, saini yako, tarehe, na picha ya mchoro imebanwa nyuma. Hiyo sentensi ya kwanza, hapo kwenye "hata kama nimeuagiza mimi", usiiache, ndiyo inayokuvusha kwenye kifungu cha 31.

Ukipata jibu la kijana au la kampuni nitumie kama lilivyo, usiwajibu kabla hatujalisoma wote wawili.

Shangazi